Nani Amvalishe Mtoto Huyu?

Mama mmoja wa hapa Kasumbalesa alitujia Jumapili moja baada ya Misa, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vema. Twakiri hivyo bila haya. Swali lenyewe lilionekana dogo mno, na mara nyingi maswali madogo ndiyo huwashinda watu waliozoea kujibu makubwa.

Mama huyu ana mtoto wa kiume wa miaka saba. Alizaliwa kwa shida, uchungu ukakaa siku mbili, na tangu hapo mkono wake wa kushoto ni mgumu, na hata ule wa kulia haumtii sawasawa. Akili yake ni nzima. Anasema Kiswahili na Kibemba, na madereva wanaokunywa chai kwa mamaye anawajua wote kwa majina. Mama alimpeleka Lubumbashi, na huko dada mmoja mwenye ujuzi wa kuwafundisha watoto wa namna hii akamwambia, "Mama, tangu leo usimvalishe. Mwache avae mwenyewe." Mama akatii. Basi, shati la Jumapili lina vifungo vinne, na mtoto ahitaji karibu saa nzima kuvifunga. Wakingoja amalize, wanafika kanisani Injili imekwisha somwa. Mama akimvalisha yeye, ni dakika mbili tu, na wanafika kabla ya wimbo wa kuingia. "Je," akatuuliza, "lipi ni kosa? Kumchelewesha Mungu, au kumharakisha mtoto?"

Mmoja wetu alijibu upesi, "Mama, mvalishe, mje mapema." Jibu hilo lilitoka kinywani kabla ya kupita kichwani. Mama akaitika, "Ndiyo, baba," kwa heshima, akaenda zake. Lakini tuliona usoni mwake ya kuwa hakupata alichokitafuta. Tangu siku ile swali lake limetukaa rohoni, nalo ndilo lililotufanya tuandike haya.

Wasioijua Kasumbalesa na waelezwe kidogo, maana mahali pana sehemu yake katika neno hili. Ni mji wa mpakani, katika njia iendayo Zambia, yapata kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Malori ya shaba na kobalti yanatoka, malori ya unga na mafuta na kila aina ya bidhaa yanaingia, na katikati yake wanapita vijana wa baiskeli wenye magunia ya unga yaliyofungwa hata huoni kichwa cha mwendeshaji. Kila kitu hapa hupimwa kwa uzito, kwa karatasi na kwa saa. Na ajabu ya mji huu ni kwamba kila mtu ana haraka, na kila mtu anangoja. Dereva hungoja siku mbili, siku tatu, hata juma zima kwa ajili ya karatasi moja, akalala chini ya lori lake, akapika bukari kando ya barabara, nasi twaona ni desturi. Lakini mtoto akitaka saa moja kwa ajili ya shati lake, twaona ni kero.

Kazi ya dada yule wa Lubumbashi ina jina. Kwetu Kongo, kwa Kifaransa chetu, huitwa ergoterapi, na neno hilo limetoka katika Kigiriki, ergon, yaani kazi. Wenzetu wa Tanzania husema tiba kwa kazi, au tiba kwa vitendo, nao huifundisha huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kama vile Wakenya wanavyoifundisha Nairobi. Wengi hudhani ni kitu kimoja na kukanda viungo. Sivyo. Anayekanda na kunyoosha viungo huuliza kama mkono huu waweza kukunjuka. Huyu wa pili huuliza neno jingine: mkono huu ukikunjuka, utafanya nini? Utashika kijiko? Utajipaka sabuni? Na kwa kuwa mtoto hachimbi shaba wala hauzi dukani, kazi ya mtoto ni ipi? Ni kula mwenyewe, kunawa, kuvaa, kushika kalamu, kucheza na wenzake mpaka aitwe kulala. Mtoto asiyeweza hayo hana kazi, na mwana wa Adamu asiye na kazi yoyote huanza kujiona hana mahali.

Yafaa kujua kwamba mtu aliyeipa kazi hii jina lake la Kiingereza alikuwa mgonjwa mwenyewe. George Edward Barton, Mmarekani, mchora ramani za majumba, alishikwa na kifua kikuu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alipochoka kulala na kuhudumiwa, alijitibu kwa kutumia mikono yake. Mwaka 1914 alifungua nyumba Clifton Springs, katika jimbo la New York, akaiita Nyumba ya Faraja. Na mwaka 1917 watu wachache walikutana humo wakaanzisha chama cha kwanza cha kazi hii. Basi haikuzaliwa na wazima waliowahurumia wagonjwa tu. Yumo pia mgonjwa mmoja aliyekataa kubaki kitandani.

Lakini tunayetaka kumkumbuka hasa ni mwingine, mwanamke, maana yeye ndiye aliyetuonyesha kosa tulilomtendea mtoto yule yule wa vifungo vinne. Kosa hilo tutalisema, lakini kwanza habari za mwanamke huyo.

Anna Jean Ayres alizaliwa tarehe 18 Julai 1920 huko Visalia, California, katika familia ya wakulima. Hakuwa mtoto mwenye njia nyepesi. Yeye mwenyewe alipata taabu katika kujifunza, taabu za jinsi ile aliyokuja kuichunguza baadaye kwa watoto wa wengine. Alisomea tiba kwa kazi katika Chuo Kikuu cha Southern California, akahitimu mwaka 1945. Akapata digrii ya pili mwaka 1954, na mwaka 1961, akiwa na miaka arobaini, akapata udaktari katika elimu ya nafsi na malezi. Mwingine angesema yatosha. Yeye akarudi kuwa mwanafunzi tena, katika taasisi ya kuchunguza ubongo ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kwa kuwa kulikuwa na jambo moja lililomsumbua na vitabu havikumjibu.

Jambo lenyewe ni hili. Wako watoto ambao macho yao yaona, masikio yao yasikia, misuli yao ina nguvu, wala si wajinga. Na hata hivyo hawawezi kufunga kifungo, hujikwaa pasipo jiwe, huvunja kikombe kwa kukishika mno au hukidondosha kwa kukishika kidogo, na wengine wakiguswa begani hushtuka kana kwamba wamechomwa moto. Watu wote waliwaita wavivu au watukutu. Ayres alikataa kusema hivyo kabla hajaangalia. Alitazama zaidi ya zile hisi tano tulizofundishwa shuleni. Iko hisi ya ndani ya sikio, inayotuambia kama tumesimama wima au twaanguka. Iko hisi ya misuli na maungo, inayotuambia mkono uko wapi hata gizani. Jaribuni wenyewe. Fumbeni macho, kisha gusa pua kwa kidole. Ni nani aliyewaambia pua iko wapi, na kidole kiko wapi? Hakuna aliyeona. Ni habari zilizopanda kimya kimya kutoka mwilini mpaka kwenye ubongo, na ubongo ukazikusanya ukatoa amri.

Sisi wa Kasumbalesa twaweza kulielewa neno hili kuliko wengine. Tazameni lori lililosimama mpakani. Injini ni nzima, matairi yamejaa, dereva yuko macho na anatamani kwenda. Mbona haliendi? Kwa sababu karatasi za ofisi moja hazijafika, au zimefika zimechanganyika na za lori jingine. Mpumbavu ndiye atakayempiga dereva. Ayres alisema kwamba kwa watoto wengi ndivyo ilivyo: habari za mwili hazikusanyiki vema katika ubongo, na mtoto amesimama kizuizini, naye hajui kwa nini.

Aliyaandika mawazo yake katika kitabu cha wataalamu mwaka 1972, na mwaka 1979 akaandika kingine kwa ajili ya wazazi, kwa lugha nyepesi. Mwaka 1976 alikuwa amefungua mahali pake pa kuwatibia watoto, huko Torrance karibu na Los Angeles. Mtu aliyechungulia chumba cha kazi ya namna ile angecheka. Bembea zimening'inia, mbao zina magurudumu madogo, mtoto amelala kifudifudi juu ya ubao anasukumwa na kucheka, na mtaalamu yu karibu anatazama. Angesema: mama huyu analipwa kwa kuwatazama watoto wakicheza! Lakini ndani ya mchezo ule mlikuwa na hesabu. Mtoto aliachwa achague, na kile alichochagua kiligeuzwa kidogo, kisiwe chepesi cha kumchosha wala kizito cha kumkatisha tamaa, bali kimzidi kwa kiasi cha kidole kimoja. Ayres aliamini kwamba Muumba amekwisha kutia ndani ya mtoto hamu ya kukua (neno Muumba ni letu, yeye alisema kwa lugha ya wanasayansi), na kwamba kazi ya mtu mzima ni kutengeneza mahali ambapo hamu hiyo itapata njia. Alifariki kwa ugonjwa wa kansa tarehe 16 Desemba 1988. Vipimo vyake vikubwa, alivyovifanyia kazi miaka mingi, vilitolewa mwaka uliofuata, 1989, hakuviona vikitoka.

Si kila alilosema limesimama. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwaonya madaktari wasiifanye hali hii kuwa jina la ugonjwa peke yake, na wawaambie wazazi waziwazi kwamba uchunguzi juu ya tiba hii bado ni mchache. Wataalamu wanaendelea kubishana, na ni vema wabishane, maana ni watoto wanaohusika. Twayasema haya kwa kuwa kumkumbuka mtu si kumtangaza mtakatifu kwa haraka. Hata Kanisa lenyewe huchukua miaka mingi. Lakini ubishi wote huo haugusi lile tulilolipokea kwake sisi tusio madaktari: kwamba mtoto asipofanya, tuulize kwanza kama anaweza, kabla ya kusema hataki.

Sasa kosa letu. Mtoto yule alikuja katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katika ishara ya msalaba, wenzake walikuwa wamefika begani yeye bado anautafuta uso wake. Tulimwambia asiwe mvivu mbele ya Mungu. Alipochelewa tena, tulimshika mkono tukauongoza kwa nguvu, paji, kifua, bega na bega, upesi upesi, ili darasa liendelee. Akalia. Tukadhani ni ukaidi. Watoto wengine walikuwa wakitazama, na bila shaka walijifunza kitu siku ile, lakini si kile tulichokusudia kuwafundisha. Ishara ile haikuwa yake. Ilikuwa yetu, tuliyoifanya juu ya mwili wake.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba swali la mamaye halikuwa dogo. Swali la shati na swali la ishara ya msalaba ni moja: je, kumsaidia mtu ni kumfanyia? Sisi Wakristu tumefundishwa matendo ya huruma tangu utoto, kulisha wenye njaa, kuvika walio uchi. Nasi twadhani kwamba kadiri tunavyomfanyia mtu mambo mengi, ndivyo tunavyompenda. Mama amlishaye mwanawe wa miaka saba kwa mkono wake, nani atathubutu kumlaumu? Ni upendo, na mtu akikana hilo hajui umama ni nini. Hata hivyo, kuna upendo unaomwacha mtoto alivyo, kwa sababu ni rahisi zaidi, na unga usimwagike mezani, na majirani wasione. Mama mwenyewe hawezi daima kupambanua haraka yake na upendo wake. Sisi tulishindwa kupambanua haraka yetu na ibada.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hili kumcheka mgeni asiyetaka kuondoka, na kweli lina kicheko ndani yake. Lakini litazameni upande wa pili. Siku mbili za kwanza mgeni hukirimiwa: kuku huchinjwa, maji ya kuoga huchemshwa, kiti kizuri ni chake. Hata hivyo yeye bado ni wa nje. Siku ya tatu anapopewa jembe, ndipo anapoingia nyumbani. Mwenye jembe anaweza kusema shamba letu. Basi tufikiri habari za mtoto mwenye ulemavu katika nyumba zetu nyingi. Analishwa, anaoshwa, anavalishwa, anawekwa kivulini. Na mgeni akija, anapelekwa chumba cha nyuma. Hapewi jembe kamwe. Hatumwi chumvi, haulizwi kitu, hafagii, hagombezwi hata pale anapostahili kugombezwa. Mtoto huyo ni mgeni wa daima katika nyumba aliyozaliwa. Na ukarimu usiokwisha waweza kuwa ukuta.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi alioutoa mwaka 1981, alikumbuka kuwataja watu wenye ulemavu. Alifundisha kwamba wao ni watu kamili, na kwamba haki ya kushiriki kazi ni yao pia kwa kadiri ya uwezo wao. Na katika waraka huo wote alishika neno moja, ya kuwa kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Sisi tulilisoma zamani tukafikiri linawahusu wachimba madini na matajiri wao. Kumbe, lamhusu pia mtoto anayehangaika na kifungo. Kifungo kile hakiongezi chochote katika mali ya Katanga. Ukikiweka juu ya mizani ya mpakani, sindano haitikisiki. Kwa mtoto ni kazi kamili, na mwenye kuifanya amekuwa mtu mwenye neno lake.

Wala si lazima kwenda Marekani kutafuta mashahidi. Jirani zetu wa Rwanda wana Gatagara, karibu na Nyanza. Padre Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1919, alianzisha huko mwaka 1960 nyumba kwa ajili ya watoto walemavu, akaiweka chini ya jina la Bikira wa Maskini. Wengi wa watoto wale walikuwa wamepoozwa na polio, wakitambaa kwa mikono vumbini. Padre angeweza kuwajengea nyumba safi, akawalisha, akawasalisha rozari, na watu wangemsifu. Yeye aliwawekea karakana na shule. Walitengenezewa vyuma vya miguu na magongo, wakajifunza kusimama, kisha wakajifunza kazi. Ufinyanzi wa Gatagara ulijulikana nchini. Naye mwenyewe alijitia katika nchi ile, akachukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, ambalo maana yake ni kama kusema Mungu ndiye mchungaji wangu. Alifariki mwaka 1982.

Jina la Padre Fraipont linakumbukwa, na ni haki. Lakini sisi tunawaza pia juu ya wale waliokaa kila asubuhi kando ya mtoto mmoja, kijiko kikianguka, wakikiokota, kikianguka tena. Majina yao yako wapi? Vivyo hivyo kwa Ayres: vitabu vyake vinasomwa, lakini yule mtoto aliyepanda bembea yake mwaka 1976, leo ni mtu wa makamo, afunga vifungo vyake kila asubuhi akiwaza kodi ya nyumba. Hamkumbuki. Nani kati yetu amkumbuka aliyemfundisha kushika kijiko? Kazi hii ina jambo hili la pekee, kwamba ikifaulu husahauliwa. Mwalimu wa namna hii hujitahidi siku zote ili asihitajiwe tena. Na siku mtoto anapomwambia "niache, najua," ndiyo siku ya mshahara wake. Ni vigumu. Sisi sote twapenda kuhitajiwa, na tusijidanganye, hata katika parokya wako watumishi wanaowaombea maskini wabaki maskini kidogo, ili wao wapate wa kuwahudumia.

Twaona jambo hili katika Injili pia. Wote wamjua yule mwenye kupooza aliyeteremshwa na rafiki zake wanne kwa kutoboa dari. Sisi hupenda kuwasifu wale wanne, na wanastahili. Lakini angalieni Bwana Yezu alivyomaliza. Kitanda kilikuwapo, na wale wanne walikuwapo, wenye nguvu na furaha. Wangekibeba kwa shangwe. Yeye alimwagiza mgonjwa mwenyewe akichukue. Kitu kilichombeba miaka yote akawekewa yeye begani, mbele ya watu wote. Na kwa kipofu wa Yeriko, ambaye kila mtu aliona ni kipofu, Bwana alimwuliza kwanza anataka atendewe nini. Hakumfanyia kabla ya kumwuliza.

Hapo mtu aweza kutushika na kusema: basi tuwaache walemavu wajitegemee, tusiwasaidie tena! Hapana. Twajua watu watakaolifurahia neno hilo, maana lawaondolea gharama. Bwana huyo huyo alipomwita Lazaro kutoka kaburini, hakumwambia ajifungue sanda. Aliwaagiza waliosimama pale wamfungue. Viko vifungo ambavyo mtu hawezi kujifungua mwenyewe, na kumwambia ajitegemee ni kumcheka. Hekima yote imo katika kujua ni kitanda au ni sanda, na hilo halijulikani kwa kanuni. Hujulikana kwa kukaa na mtoto na kumtazama, kama alivyotazama Ayres, siku nyingi, bila haraka.

Na hapa twarudi kwa mama wa chai. Kwa upande wa sheria, jibu ni jepesi: Kanisa lafundisha kuwa mwenye sababu kubwa hahesabiwi kosa juu ya Misa ya Jumapili, na mfano mmoja linaoutaja ni kuwatunza watoto wachanga. Mtoto wa miaka saba si mchanga, lakini vidole vyake bado ni vichanga, na sisi hatuamini kwamba Mungu aliyengoja miaka elfu na elfu kumtuma Mwanawe atakosa subira kwa vifungo vinne. Hakuna dhambi. Tulipaswa kumwambia hivyo siku ile ile.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdhulumu tena. Maana saa ile moja, nani anailipa? Jumatatu mpaka Jumamosi mama huyu huamka saa kumi ya usiku kuwasha moto, ili madereva waamkapo wakute chai. Akikaa saa nzima kumngoja mwanawe avae, chai haijachemka, na senti za siku hiyo zimekwenda kwa jirani. Kwa hiyo siku za kazi humvalisha, huku akijua anaharibu kile alichojenga Jumapili. Na siku ya Bwana peke yake ndiyo anayoweza kumpa mtoto saa yake. Ndiyo sababu vifungo vimegongana na Misa, wala si na kitu kingine! Sisi tulidhani anamnyima Mungu wakati. Kumbe, alikuwa akichukua wakati wa Mungu kwa sababu hakuna mwingine aliyempa. Mwaka 2022 nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, nayo ni sheria nzuri. Lakini sheria haiwashi moto wa chai alfajiri.

Twaona basi ya kuwa saa hiyo ni deni la jumuiya nzima. Tuliweka swali mbele ya jumuiya yetu ndogo. Palikuwa na maneno. Mzee mmoja alisema mtoto hatapona hata hivyo, na hatukuweza kumwambia kwamba atapona, kwa sababu huenda mkono ule ukabaki vile mpaka mwisho. Tulimjibu tu kwamba hatukuzungumza habari za kupona. Mwishowe akina mama wawili walikubali kupokezana, Jumanne na Alhamisi, kukaa kwenye moto wa chai mpaka mtoto amalize kuvaa. Mmoja alikubali kwa moyo, mwingine kwa haya. Zote mbili zachemsha maji.

Tulimwendea pia mtoto, tukamwomba msamaha kwa siku ile ya mafundisho. Alitutazama kama mtu asiyeelewa vizuri, akauliza kama anaweza kurudi darasani. Amerudi. Wakati wa ishara ya msalaba sasa tunangoja. Darasa limekwisha zoea. Wengine hufanya yao polepole, wakamaliza pamoja naye.

Jumapili iliyopita walifika katikati ya somo la kwanza. Vifungo vitatu alivifunga mwenyewe, kimoja kikiwa kimeruka tundu lake, hata shati likakaa upande. Cha juu, cha kwenye kola, bado hufungwa na mama.